Mwongozo kamili: kukokotoa picha ya MRI imepinda milimita ngapi, kwa fantomu ya perspeksi unayoitengeneza mwenyewe hapa Dar

Wakuu habari zenu. Hii naiandika kwa wanafizikia tiba, maradiografa na vijana wa vifaa tiba ambao kila siku wanaulizwa "hii MRI naweza kuiamini kwa milimita ngapi?" na jibu wanalonalo ni "mashine ina marekebisho yake ndani, usijali". Mi naona hilo jibu halitoshi kabisa. Hapa Dar mgonjwa wa uvimbe wa kichwa anaweza kupigwa MRI (picha ya mashine ya sumaku) Upanga, alafu CT (picha ya eksirei ya vipande vipande) ya kupangia mionzi akapigwa Ocean Road, hospitali ya saratani, picha mbili zinalazwa moja juu ya nyingine kwenye kompyuta na daktari anachora mpaka wa uvimbe akifuata MRI, maana ndo inayoonyesha vizuri. Sasa kama MRI imevuta ule ukingo milimita 3, mpaka unachorwa milimita 3 pembeni na mionzi inaufuata vilevile. Hakuna kengele italia popote, picha inaonekana safi tu.

Kwahiyo twende taratibu, tupime wenyewe kwa fantomu, yaani boksi la majaribio ambalo vipimo vyake tunavijua, la perspeksi (plastiki ngumu inayoangaza kama kioo).

Kinachopinda ni nini hasa

MRI haioni umbali. Inasikia frikwensi, alafu kutokana na frikwensi inakisia umbali. Kwenye sumaku ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) haidrojeni ya maji inaimba kwenye MHz 63.9 hivi (ni MHz 42.577 kwa kila tesla). Ukiwasha gredienti (koili inayofanya sumaku ipande nguvu kidogo kidogo kutoka upande mmoja hadi mwingine), walioko kulia wanaimba juu kidogo, walioko kushoto wanaimba chini kidogo, na kompyuta inawapanga kwa sauti zao. Ndo hivyo tu. Kwahiyo chochote kinachobadilisha sauti bila mtu kuhama kiti, kompyuta itamhamisha kiti.

Wanaobadilisha sauti ni wawili, na hapa naomba muweke umakini kwasababu mwongozo wote umekaa juu ya hili jambo.

Wa kwanza ni gredienti yenyewe. Fundi wa kiwandani anataka inyooke kama rula, lakini koili ina urefu wake na mwisho wake, kwahiyo katikati ya sumaku imenyooka, ukienda pembeni sentimita 15, 20, inaanza kulegea na kujikunja. Huu mpindo ni wa mashine: leo na kesho ni uleule, mgonjwa mnene mgonjwa mwembamba ni uleule, bendiwidi (upana wa frikwensi unaopewa kila pikseli) uongeze upunguze hausogei, na unapiga pande zote tatu, x, y na z.

Wa pili ni sumaku kuu kutokuwa sawa kila mahali, yaani B0. Sehemu ni shimu (usawazishaji wa sumaku) ya mashine, lakini sehemu kubwa ni mwili wa mtu mwenyewe: hewa kwenye sinasi (vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso) na masikio imepakana na nyama, chuma kilichofungwa kwenye mfupa, meno ya bandia. Huyu anabadilika kwa kila mgonjwa, na kwenye sekwensi (aina za skani) za kawaida anasukuma picha upande wa kusoma tu, yaani upande unaopangwa kwa frikwensi (kama ni 2D basi na upande wa slaisi, kile kipande chembamba cha picha, pia, maana slaisi nayo inachaguliwa kwa frikwensi).

Dawa zao ni tofauti. Wa kwanza unamtibu kwa ramani moja ya mashine. Wa pili unamtibu kwa bendiwidi, kwa shimu na kwa ramani ya uga (sumaku ilivyo mahali kwa mahali) ya mgonjwa husika. Ukipima namba moja imechanganya wote wawili, ukaandika kwenye ripoti "mpindo milimita 2.4", hujui umpigie simu injinia au ubadilishe protokali (mipangilio ya skani). Ndo maana sehemu ndefu ya hii kazi ni kuwatenganisha.

Hesabu ya kalamu kwanza, kabla ya kununua chochote

Fomula ni ndogo: kuhama kwa pikseli = tofauti ya frikwensi ÷ bendiwidi ya pikseli moja.

Chukulia karibu na sinasi uga umekengeuka sehemu 4 kwa milioni. Kwa tesla 1.5 hiyo ni kama Hz 255. Protokali yako ina Hz 130 kwa pikseli, pikseli ni milimita 1. 255 ÷ 130 ni karibu pikseli 2, yaani milimita 2. Sasa panda bendiwidi hadi Hz 440: inashuka hadi milimita 0.6. Gharama yake ni kelele, maana uwazi wa picha (mawimbi ukilinganisha na kelele) unashuka kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa bendiwidi, hapa unabaki na kama asilimia 54 ya uwazi uliokuwa nao. Kwa mgonjwa wa mionzi mi nailipa hiyo gharama bila kufikiria mara mbili, unaongeza dakika za skani yanaisha. Na kama mashine ni ya tesla 3, zidisha mbili kila kitu: Hz 255 inakuwa Hz 510.

Shida inayokwamisha watu hapa ni kwamba kila kampuni inaandika bendiwidi kwa lugha yake. Siemens wanakupa Hz kwa pikseli moja kwa moja, safi. GE wanaandika kHz za nusu, mfano 31.25 yenye alama ya kuongeza na kutoa, kwahiyo unazidisha mbili unapata Hz 62,500 alafu unagawa kwa idadi ya pikseli upande wa kusoma, kama ni 256 unapata Hz 244. Philips wanaandika mafuta yamehama pikseli ngapi kutoka kwenye maji, na kwa tesla 1.5 mafuta na maji vinapishana kama Hz 220, kwahiyo gawa 220 kwa hiyo namba. Ukiona inakuchanganya fungua faili la picha lenyewe (la DICOM) utafute tegi 0018,0095, hapo imeandikwa Hz kwa pikseli.

EPI, zile picha za difyusheni tunazotumia kwa stroku, ni mnyama mwingine. Kule mpindo hauko upande wa kusoma, uko upande wa feizi (ule unaopangwa kwa hatua ya wimbi badala ya frikwensi), na ni mkubwa mno. Ukiwa na mistari 128 na nafasi ya milisekunde 0.5 kati ya mwangwi na mwangwi, jumla milisekunde 64, bendiwidi yake upande wa feizi ni 1 ÷ 0.064, Hz 15.6 tu kwa pikseli. Kakosa kadogo ka Hz 50 kanahamisha pikseli 3.2. Tafadhali msichore mpaka wa uvimbe juu ya difyusheni ambayo haijanyooshwa.

Kutengeneza fantomu

Fantomu za kununua zipo. Ile kubwa ya ACR (chuo cha radiolojia cha Marekani) wengi mnaijua, kwa ndani ina kipenyo cha milimita 190 na urefu wa milimita 148, ni nzuri kwa ukaguzi wa kila wiki lakini ni ndogo, inakaa palepale katikati ambako gredienti imenyooka. Mpindo tunaoutafuta uko nje ya hapo. Na zile kubwa za mionzi bei yake inakatisha tamaa.

Nenda kwa mafundi wa mabango, wale wanaokata herufi za maduka kwa leza, Kariakoo wapo. Waambie unataka perspeksi ya milimita 5, vibao 7 vya sentimita 28 kwa 28, kila kibao matundu 19 kwa 19, tundu la milimita 6, kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu jingine milimita 15. Hiyo ni matundu 361 kwa kibao, jumla 2,527. Mchorea kwenye kompyuta mwenyewe umpe faili, usimwachie achore yeye. Na boksi la nje, likipimwa kwa ndani, liwe sentimita 30 kwa 30 kwa 20, vibao vikae humo kwa kupishana sentimita 2.5. Vya kushikilia viwe vijiti vya perspeksi hiyohiyo na gundi yao. Hakuna skrubu, hakuna bawaba, hata ile shaba ya njano usiiamini maana mchanganyiko wake huujui.

Kwanini perspeksi? Kwa usumaku wake inakaribiana mno na maji, yote mawili yako karibu na hasi 9 kwa milioni, kwahiyo ukiizamisha kwenye maji sumaku karibu haioni mpaka kati yao. Hewa iko karibu na sifuri. Ina maana povu moja la hewa ndani ya boksi ni kama umeweka sinasi ndogo.

Na hili limenitokea. Mara ya kwanza nilijaza boksi haraka, nikapiga, nikakuta kona moja matundu kama sita yamehama kuelekea upande mmoja, yamekaa kama meno yaliyosukumwa na gego. Nikajua nimegundua kasoro ya gredienti, nikaanza na kuandika barua. Bahati nzuri kabla ya kuituma niliinamisha boksi kwenye mwanga wa dirisha, nikaona povu la ukubwa wa punje ya mahindi limejificha chini ya kibao cha tano, limeng'ang'ania pale kwenye gundi. Nikaligonga likatoka, nikapiga tena, meno yakarudi kwenye mstari. Toka siku hiyo maji nayachemsha kwanza yapoe yakiwa yamefunikwa, ili hewa iliyoyeyuka itoke, na boksi nalijaza kwa mpira kutokea chini polepole, alafu naliacha usiku mzima na asubuhi naligonga kila upande.

Maji ni lita 18 kasoro ujazo wa vibao. Tumia yaliyosafishwa, ya bomba huku kwetu yana chumvi hasa mtaa wenye kisima. Weka mrututu, gramu 2.5 kwa lita. Ule ule wa bluu wanaopulizia wakulima, ila huo wa wakulima una takataka, ukipata wa maabara ni bora zaidi. Bila mrututu maji matupu yanachukua kama sekunde 3 kurudi kwenye hali yake na skani inakuwa ndefu au giza, ukiweka inashuka chini ya robo sekunde. Vaa glovu, ni sumu, na chombo ulichokorogea kisirudi jikoni.

Ukweli unatoka CT

Usitumie mchoro wako kama ukweli. Leza inapanua tundu, gundi inavuta, na boksi likijaa maji kuta zinatuna. Piga CT ya boksi likiwa limejaa maji vilevile kama litakavyoingia MRI, slaisi za milimita 1 au chini. Perspeksi inaonekana kwa kama HU 120 (HU ni kipimo cha mwangaza cha CT) juu ya maji, inatosha.

Alafu joto, wengi hawalifikirii hili. Perspeksi inatanuka kama sehemu 70 kwa milioni kwa kila digrii. Boksi limetoka kwenye buti la gari nje kuna digrii 32, chumba cha MRI kina 21. Tofauti ya digrii 11 kwa urefu wa milimita 300 ni milimita 0.23. Unatafuta nusu milimita alafu jua la Dar limeshakula robo! Liache boksi chumba cha CT masaa kadhaa, kisha chumba cha MRI masaa kadhaa, vyote vikiwa na joto linalokaribiana.

Kupiga MRI

Weka boksi katikati, leza ya mashine ikae kwenye alama ulizochora kwa maka peni. Subiri dakika 20 hadi 30 maji yatulie, maji yanayozunguka yanachora mizimu (vivuli vya uongo kwenye picha). Tumia koili ya mwili (antena kubwa ya mashine yenyewe, siyo ile koili ya gredienti), na sekwensi ya 3D gredienti eko, vokseli (pikseli ya pande tatu) milimita 1 kila upande. Napenda 3D kwasababu upande wa slaisi nao unasimbwa kwa feizi, kwahiyo B0 inabaki na njia moja tu ya kutoroka, upande wa kusoma.

Unapiga hivi. Skani A, gredienti ya kusoma upande wa kawaida, bendiwidi ya chini makusudi, Hz 130 hivi, ili mpindo wa B0 uonekane mkubwa. Skani B, kila kitu kilekile ila gredienti ya kusoma imegeuzwa. Kati ya A na B shimu isirudiwe na frikwensi ya katikati isiguswe, mashine nyingi zinajirekebisha zenyewe kimyakimya ukianza skani mpya, izuie. Mashine nyingine hazina kitufe cha kugeuza, hapo jaribu kuzungusha uwanja wa picha digrii 180 ndani ya slaisi, mara nyingi kusoma kunageuka. Ikishindikana, skani B iwe na bendiwidi kubwa mara nne, Hz 520, hesabu yake nitaieleza.

Skani C ni ya ramani ya uga: gredienti eko yenye mwangwi mara mbili, upate picha za feizi. Wengi wanasahau kuomba mashine itunze picha za feizi na wanajua wakiwa wameshafika nyumbani.

Alafu rudia A na B mara mbili: marekebisho ya mpindo ya mashine yakiwa yamezimwa, na yakiwa yamewashwa kwa 3D. Yakizimwa unaona koili ilivyo. Yakiwashwa unaona kilichobaki, na hicho ndo mgonjwa anachokutana nacho. Angalia sana, kuna mashine zinarekebisha 2D tu, ndani ya slaisi, upande wa tatu zinauacha kama ulivyo.

Kutafuta vitovu vya matundu

Tumia Python, ni bure. Pydicom au SimpleITK kufungua faili, scipy kuhesabu. Kama hupendi kodi, sehemu ya mwanzo unaweza kuifanya ndani ya 3D Slicer, nayo bure.

Kwenye slaisi inayopita katikati ya kibao unaona nukta nyeupe za maji kwenye giza la plastiki. Weka kizingiti (kiwango cha mwangaza kinachotenga nyeupe na giza), gawa nukta kwa scipy.ndimage.label, alafu kitovu cha kila nukta kitafute kwa kupimwa na mwangaza, center_of_mass. Kwasababu tundu la milimita 6 lina vokseli nyingi ndani, kitovu unakipata kwa kosa dogo kuliko pikseli moja, ukirudia skani utaona namba zinarudi zilezile ndani ya milimita 0.1 au 0.2. Kizingiti usikiweke kimoja kwa boksi zima, koili haimuliki sawa, pembeni kuna giza, kwahiyo kizingiti kiwe cha eneo.

Hiyo ni x na y. Z haipatikani kwenye tundu, maana tundu juu na chini limeungana na maji, halina mwisho. Z unaichukua kwenye plastiki yenyewe: pembeni ya kila tundu chora mstari wa wima unaopita kwenye kibao, utaona mwangaza unashuka alafu unapanda, kitovu cha lile shimo la giza ndo z ya pale. Chukua mistari minne kuzunguka tundu ufanye wastani.

Hapa kuna mtego wa alama. DICOM inahesabu x kwenda kushoto kwa mgonjwa na y kwenda mgongoni, softiwea nyingine zinageuza zote mbili. Na ile nafasi iliyoandikwa kwenye faili ni ya katikati ya vokseli ya kwanza, siyo kona yake, ukikosea hapo unajiongezea nusu vokseli bure. Kuhakikisha, gundisha kidonge cha mafuta ya samaki nje ya boksi kona moja unayoijua, kikitokea kona nyingine kwenye hesabu zako simama hapohapo.

Kulaza MRI juu ya CT

Unahitaji mzunguko na msogeo tu, bila kunyoosha wala kukuza. Njia ya SVD (hesabu ya matriki) inatosha, mistari kumi ya kodi. Lakini usitumie pointi zote! Chukua zile zilizo ndani ya sentimita 5 kutoka isosenta (katikati kabisa ya sumaku) tu, ambako mpindo ni mdogo, ndo zikulazie picha. Ukitumia zote, zile za pembeni zilizohama zinavuta ulalo mzima kuelekea kwao, kosa linasambazwa hadi katikati, na namba za pembeni zinashuka. Ripoti inakuwa nzuri kuliko mashine.

Ukishalaza, kila pointi ya CT itafutie mwenzake wa MRI. Anza katikati uende nje hatua kwa hatua, ukitumia kuhama kwa jirani kukisia huyu anayefuata atakuwa wapi. Matundu yamepishana milimita 15, mpindo ukifika milimita 8 wakati marekebisho yamezimwa, "wa karibu zaidi" anaweza kuwa siye.

Kuwatenganisha wale wawili

Hapa ndo raha ya kazi yote. Kwa kila tundu una namba tatu upande wa kusoma: ukweli wa CT, mahali kwenye A, mahali kwenye B. Mpindo wa gredienti uite g, wa B0 uite b. Ukigeuza gredienti ya kusoma g haibadiliki, b inageuka alama:

A = ukweli + g + b
B = ukweli + g − b

Jumlisha gawa mbili, toa ukweli: unabaki na g. Toa B kutoka A gawa mbili: unabaki na b. Chang na Fitzpatrick waliandika mwaka 1992 jinsi ya kunyoosha picha kwa kutumia gredienti mbili zilizogeuziana, na wazo ni hilihili. Kama ulitumia bendiwidi mbili badala ya kugeuza, b ya skani ya Hz 130 ni (A − B) ÷ 0.75, kwasababu 1 − 130/520 ni 0.75. Inafanya kazi, ila tofauti ni ndogo zaidi kwahiyo kelele inakula zaidi. Pande mbili nyingine ambazo siyo za kusoma, tofauti na CT yote ni g.

Usiamini b mpaka uipime kwa njia ya pili. Ile skani C: tofauti ya feizi ÷ (2π × tofauti ya muda wa mwangwi) inakupa Hz. Kwa milisekunde 4.5 unaweza kusoma kati ya hasi na chanya Hz 111, ukizidi hapo feizi inajizungusha inaanza upya na lazima uikunjue kwa programu. Hz ulizopata gawa kwa 130, zidisha ukubwa wa pikseli, linganisha na b ya kila tundu. Zikikubaliana ndani ya milimita 0.2, tulia. Zikiwa zinapishana kwa kiasi kilekile kila mahali, frikwensi ya katikati ilihama kati ya A na B. Zikiwa kioo cha mwenzake, umekosea alama.

Kuipa g umbo

Una pointi zaidi ya elfu mbili, unataka namba kwa kila mahali. Weka polinomia (jumla ya vipeo) ya x, y, z kwa kila upande. Daraja la 3 lina vipande 20, daraja la 5 vina 56. Anza na 3, kisha 5, na asilimia 20 ya pointi zifiche usizitumie kwenye kutafuta, alafu uzipime nazo. Kosa la zilizofichwa likiacha kushuka, acha kupanda daraja. Harmoniki za tufe ndo sahihi zaidi kifizikia maana uga wa sumaku ndani ya boksi unafuata mlinganyo wa Laplace, na makampuni yenyewe yanaelezea koili zao kwa hizo, lakini kwa kuanzia polinomia inakufikisha. Nje ya boksi usiiamini hata kidogo, polinomia ikitoka nje ya pointi zake inaruka kama mbuzi aliyekata kamba.

Soma vipande vyenyewe, vinaongea. Kipande cha daraja la 1 kikiwa kikubwa ina maana skeli ya gredienti imehama: asilimia 0.5 kwa umbali wa milimita 150 ni milimita 0.75, na hiyo injinia anairekebisha kwa kukalibrati. Daraja la 3 na la 5 ni umbo la koili, hilo haliondoki, linarekebishwa kwenye picha tu.

Kuripoti

Gawa kwa umbali kutoka isosenta: hadi sentimita 5, 10, 15, na kuendelea. Kwa kila tabaka andika wastani, kiwango ambacho asilimia 95 ya pointi hazikizidi, na kubwa kuliko zote, g peke yake na b peke yake, na bendiwidi iliyotumika kwa b. Wastani wa boksi zima peke yake usiuandike, unaficha kona. Wengi kwenye mionzi wanalenga kosa la milimita 1 kwa kichwa na 2 kwa mwili, lakini mwenye kuamua ni yule anayepanga mionzi, mpe jedwali lote.

Kunyoosha picha

Kwa kila vokseli ya picha mpya, iliyonyooka, uliza: "huyu kwenye picha iliyopinda alikaa wapi?" nenda ukachukue mwangaza wa pale. Yaani ukweli + g, ndo unaposoma. Watu wanatoa badala ya kujumlisha na picha inapinda mara mbili, ukiilaza juu ya CT utaona mara moja. Mwisho zidisha mwangaza kwa Jakobiani (namba inayosema mahali pamevutwa au kubanwa kiasi gani), maana panapobanwa panang'aa kupita kiasi na panapovutwa panafifia.

Kwa picha za EPI, FSL (programu ya picha za ubongo) ina zana ya topup inayotumia skani mbili zilizogeuziwa feizi, hesabu ni ndugu wa hii ya A na B.

Kwa mgonjwa mwenyewe

Ramani ya g uliyoipata ni ya mashine, inamhusu kila mgonjwa, ila hakikisha mashine haijairekebisha tayari, usinyooshe kilichonyooshwa. b ya fantomu haimhusu mgonjwa, kichwa chake kina hewa yake na meno yake. Kwahiyo kila mgonjwa wa mionzi aongezewe skani C, dakika chache tu, na ramani yake ya Hz ugawe kwa bendiwidi ya ile picha ambayo daktari atachorea. Mi huwa natengeneza picha ya pembeni yenye milimita za kuhama kwa rangi, nasimama kwenye slaisi za masikio na sinasi, naonyesha na mshale kusoma kunaelekea wapi. Daktari akiona uvimbe umekaa mbali na rangi nyekundu anaendelea, akiona umekaa juu yake tunaongea kuhusu kupanda bendiwidi au kubadilisha upande wa kusoma ili kuhama kuelekee ambako hakuna mshipa wa fahamu wa jicho.

Boksi lako usilibomoe. Liandike kwa maka peni juu, mbele, kulia, na mahali leza inapokaa, litunze ndani pasipo na jua. Fundi akigusa gredienti au shimu, rudia A, B na C siku hiyohiyo kabla mgonjwa wa kwanza hajapanda. Na siku ukibadilisha maji usiyamwage kwenye mfereji wa mvua, ile mifereji inaishia baharini na mrututu unaua samaki, yaweke kwenye dumu lenye lebo uyapeleke pamoja na taka za kemikali za maabara.